Bei imevunja mstari wa siku 200: niuze hisa zinazomtunza mama?

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa watu wengine kwa muda mrefu, leo nami yamenifika. Naomba jina langu lisitokee, maana ndugu zangu nao ni wasomaji wako.

Baba alipofariki alituachia nyumba na hisa za kampuni moja ya umeme. Kwenye kikao cha familia tulikubaliana hisa ziandikwe kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, ila gawio lote, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenyehisa, liende kwa mama. Kampuni inalipa mara mbili kwa mwaka na mama anaishi kwa fedha hiyo: dawa zake, bili zake, na ile heshima ya kutomwomba mtu. Baba alizinunua kidogo kidogo tangu ujana wake na gawio halijawahi kukosekana. Alikuwa akisema watu watazima kila kitu kabla ya kuzima taa.

Tatizo limeanzia kwa mdogo wangu wa kiume. Siku hizi anasoma chati za soko la hisa, na sisemi kwa kejeli, anajituma kweli. Alinionyesha kwenye simu mstari mmoja mnene uliolala juu ya bei, akaniambia ni wastani wa bei za siku 200. Kwa maelezo yake, hisa ikiwa juu ya mstari ule ni nzima, ikiwa chini ni mgonjwa, na hakuna mjadala. Miezi michache iliyopita hisa zetu zilishuka chini ya mstari na mpaka sasa hazijarudi. Mstari wenyewe nao umeanza kuinama. Juzi usiku akanitumia ujumbe kwamba wastani wa siku 50 umekatiza ule wa siku 200 kwenda chini, na kwamba watu wa soko wanauita msalaba wa kifo. Shangazi, usingizi uliniruka.

Anachotaka ni tuuze zote, fedha ikae benki, halafu bei ikipanda tena juu ya mstari tununue upya. "Tutapata hisa nyingi zaidi kwa fedha ile ile," ndivyo anavyosema. Mama hataki hata kusikia. Kwake kuuza ni kumzika baba mara ya pili.

Mimi si mgeni wa hesabu, kwa hiyo nilikaa chini nikairudisha chati nyuma miaka mingi. Nikaona bei imevunja mstari ule mara kadhaa. Mara nyingi ilirudi juu baada ya wiki chache kama vile hakuna kilichotokea. Lakini kuna safari moja ilishuka na kukaa chini zaidi ya mwaka mzima. Mdogo wangu anaiona hiyo moja tu, mama anaziona hizo nyingine tu. Nikasoma pia taarifa ya mwaka ya kampuni. Mapato yamepanda, lakini madeni yamepanda zaidi kwa sababu wanajenga mtambo mpya, na faida imepungua kidogo kwa ajili ya riba. Wameomba kwa mdhibiti waruhusiwe kupandisha bei ya umeme, jibu bado. Gawio lililotangazwa ni lile lile la mwaka jana, na rejista, yaani orodha ya wenyehisa watakaolipwa gawio hilo, inafungwa mwezi ujao. Nilipomwambia mdogo wangu haya, akanijibu kwamba taarifa ya mwaka ni habari iliyochacha, kwamba bei inajua yote.

Nikae au niuze, nitalaumiwa. Nisipouza na bei ikaporomoka, mdogo wangu atanikumbusha maisha yangu yote. Nikiuza na ikapanda, mama atasema nimeuza jasho la baba kwa ajili ya mchoro wa kwenye simu. Nikuambie ukweli, nimeanza kuupenda ule mstari, kwa sababu angalau utaniamulia.

Naomba unisaidie. Wastani wa siku 200 unaweza kuaminiwa kupima hisa ya kampuni kama hii? Nifanye nini?

Mbeba Dhamana

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba pamoja na mzigo uliokuja nyuma yake.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nikikuelewa sawasawa, unaniuliza swali moja lakini umebeba matatu. Kuna bei ya hisa, inaelekea wapi. Kuna gawio la mama, litaendelea kuja au halitaendelea. Na kuna lawama, itamwangukia nani. Mdogo wako anajibu la kwanza, mama anasimamia la pili, na wewe unakosa usingizi kwa sababu ya la tatu. Ule mstari mnene unahusu la kwanza peke yake, na hata hilo haulijibu lote. Ngoja tuanze na huo, maana hesabu unaiweza.

Wastani wa siku 200 ni jumla ya bei za kufunga soko kwa siku 200 za biashara, gawanya kwa 200. Mwaka una siku za biashara kama 250, kwa hiyo unaangalia nyuma miezi tisa na kitu. Kila siku bei moja mpya inaingia na moja ya zamani inatoka. Tuseme bei inayotoka leo ni 100 na inayoingia ni 90: wastani unashuka kwa 10 gawanya kwa 200, yaani 0.05. Ona jinsi ulivyo mzito. Ona na jambo lingine ambalo watu hulipita: mstari unaweza kuinama hata siku ambayo bei imepanda, mradi tu ile iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko iliyoingia. Kwa hiyo uliposhtuka kuona mstari "umeanza kuinama", ulikuwa unasikia habari ya miezi iliyopita, ambayo ulikwisha kuiona kwenye bei yenyewe. Huo msalaba wa kifo nao ni bei zile zile zilizokokotolewa kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Ni shahidi yule yule aliyetoka mahakamani, akabadili shati, akarudi kusema neno lile lile. Jina lake linatisha kuliko uzito wake.

Hata hivyo sitaki umdharau mdogo wako. Kanuni anayoifuata ina sababu. Maporomoko makubwa hayatokei kwa siku moja kila mara. Mengi hujengeka polepole, na anayetoka bei inapovunja wastani mrefu huepuka sehemu kubwa ya safari hiyo. Mwaka 2008 soko la Marekani lilikuwa tayari chini ya wastani wake wa siku 200 tangu Januari, miezi kadhaa kabla benki ya Lehman Brothers haijaanguka mwezi Septemba. Aliyeufuata mstari aliokoa mengi. Lakini mstari huo huo mwaka 2020 ulimtoa mtu sokoni mwishoni mwa Februari, bei ikadidimia, ikageuka Machi, na ulipomruhusu kurudi mwishoni mwa Mei bei haikupishana sana na ile aliyouzia. Alilipa ada za dalali kwenda na kurudi na akapata hofu bure. Kanuni hii ni aina ya bima: mara nyingi unailipia na hupati kitu, mara chache inakuokoa. Ukitaka kuitumia sharti uikubali na hizo mara nyingi.

Tena nina wasiwasi nayo zaidi kwa hisa ya kampuni ya huduma kama umeme, maji au gesi. Hisa za namna hii kwa kawaida hazina mbio. Zinatambaa, zinakaa pale pale, zinarudi. Hisa inayotambaa karibu na wastani wake huukatiza mara kwa mara bila maana yoyote, na ndicho ulichokiona uliporudisha chati nyuma.

Halafu kuna gawio. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei yake hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Ni haki, maana anayenunua siku hiyo hapati ile fedha. Sasa fikiria hisa inayotoa asilimia 6 kwa mwaka kwa awamu mbili. Kila awamu bei inaweza kuporomoka kama asilimia 3 asubuhi moja, na kama ilikuwa imeegemea mstari, itauvunja. Chati itasema mgonjwa, wakati hiyo asilimia 3 imo mkononi mwa mama yako. Zipo chati zinazorekebisha bei kwa kuhesabu magawio na zipo zisizorekebisha. Muulize mdogo wako, kwa upole, yake ni ipi. Sidhani swali hilo litamaliza ubishi wenu, lakini pengine litapunguza ule uhakika wa "hakuna mjadala". Na mwezi ujao rejista yenu inafungwa, kwa hiyo mtegemee mshuko wa namna hiyo. Usije ukaamshwa usiku kwa ujumbe mwingine.

Anasema pia kwamba bei inajua yote. Hapa anajikanyaga mwenyewe. Kama bei ya leo imekwisha meza kila habari, basi zile 199 za nyuma hazina cha kuiongezea, na mstari wake hauna kazi. Anayeufuata wastani anaamini kinyume: kwamba soko huchelewa kuelewa, na mwendo wake huendelea kwa muda. Inaweza kuwa kweli. Ila mtu hawezi kuzishika imani zote mbili kwa mkono mmoja, kisha akatumia moja kukukataza kusoma taarifa ya kampuni.

Swali ambalo mimi ningelikazia ni hili: kama ni mgonjwa, anaumwa nini? Hisa ya umeme hushuka chini ya wastani wake kwa sababu za aina mbili zilizo mbali kabisa, na kwenye chati zinafanana kama pacha.

Ya kwanza ni riba. Watu hununua hisa hizi kwa ajili ya gawio, kwa hiyo zinashindana na hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo watu huipa serikali kwa riba. Hati fungani ikilipa asilimia 2, gawio la asilimia 5 linavutia. Ikilipa asilimia 5, nani ajisumbue na hisa? Wanauza, bei inashuka mpaka gawio lile lile liwe asilimia kubwa zaidi ya bei. Isitoshe kampuni hizi hukopa sana, maana mitambo na nyaya ni mali ghali, kwa hiyo riba ikipanda inauma mara mbili. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Oktoba 2023 hati fungani za miaka 10 za nchi hiyo zilifikia kama asilimia 5, na hisa za kampuni za umeme zikapigwa vibaya, nzima kwa mbovu. Mwaka uliofuata zilipanda tena kwa nguvu. Kwa aliyetegemea gawio kutoka kampuni iliyo nzima, kushuka kule kulikuwa kelele tu, mradi hakulazimika kuuza.

Ya pili ni ugonjwa wa kampuni yenyewe, na hapa sasa namgeukia mama na marehemu baba yako, kwa heshima zote. Msemo wake kwamba watu hawazimi taa ni wa kweli. Lakini mwenyehisa halipwi kwa kuwa taa zinawaka. Analipwa kinachobaki baada ya mafuta, mishahara, kodi na wakopeshaji, na kiasi hicho kinategemea bei ambayo kampuni haijipangii. Mwaka 1974 Con Edison, kampuni ya umeme ya New York iliyokuwa imelipa gawio kwa miongo mingi, iliruka malipo. Mafuta yalikuwa yamepanda bei ghafla kutokana na mgogoro wa 1973, na bei ya umeme haikufuata kwa kasi ile ile. Taa za New York ziliendelea kuwaka. PG&E, kampuni ya umeme ya California, ilisimamisha gawio Desemba 2017 baada ya moto wa misituni kuiweka katika hatari ya madai makubwa, na Januari 2019 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. TEPCO, kampuni ya umeme ya Japani, ilihesabiwa kuwa hisa ya wastaafu, hadi tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 ilipoharibu mitambo yake ya nyuklia ya Fukushima. Hisa ikapoteza sehemu kubwa ya thamani yake ndani ya wiki chache na gawio likakoma. Mfano huu wa mwisho unamgusa mdogo wako pia, kwani wastani hauna habari za tetemeko la kesho.

Utajuaje basi ni ugonjwa upi? Hapo ile taarifa uliyoisoma, ambayo yeye anaiita habari iliyochacha, ina mengi ya kukuambia. Anza kwa kulinganisha. Kampuni nyingine za aina hiyo nazo ziko chini ya wastani wao? Hati fungani zimepanda riba kipindi hicho hicho? Kama zote zimeshuka pamoja, hali ya hewa ni ya wote. Kama ni yenu peke yake, kuna jambo la nyumbani.

Kisha tafuta gawio linachukua sehemu gani ya faida. Tuseme faida kwa kila hisa ilikuwa 10 na gawio 6: asilimia 60, kuna nafasi ya kupumua. Faida ikishuka hadi 7 na gawio likabaki 6, ni asilimia 86, na hapo mwaka mmoja mbaya unatosha kulikata. Umeniambia gawio halijabadilika na faida imepungua. Hukuniambia ni kutoka ngapi hadi ngapi. Tazama pia faida kabla ya riba ni mara ngapi ya riba yenyewe, na mwaka jana ilikuwa mara ngapi. Na madeni yale ya mtambo mpya: ni sehemu gani yanaiva karibuni na itabidi yakopwe upya kwa riba ya leo?

Kukopa ili kujenga siyo dhambi kwa kampuni ya umeme. Mara nyingi ndivyo inavyokua, kwa sababu mdhibiti humruhusu mwenye mtambo kupata faida fulani juu ya mali aliyowekeza. Hatari iko katikati, pale fedha imekwisha kutoka, riba inadaiwa kila mwezi, na bei mpya haijaidhinishwa. Hapo ndipo kampuni yenu ilipo. Kwa hiyo jibu la mdhibiti lina uzito kwenu kuliko misalaba yote. Akikubali sehemu kubwa ya ombi, gawio linapata mgongo. Akikataa au akichelewesha sana, kampuni itabaki na njia chache: ikate gawio, ikope zaidi, au itoe hisa mpya, na hiyo ya mwisho itawapunguzia ninyi sehemu yenu msipoongeza fedha.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, lakini nitakuonyesha kila moja inakwaruza wapi.

Ya mdogo wako: kuuza zote na kusubiri. Anasema mtapata hisa nyingi zaidi baadaye. Chora uone. Kanuni inauza bei ikiwa chini ya mstari na kununua ikiwa juu ya mstari. Ili mnunue kwa bei ndogo kuliko mliyouzia, mstari wenyewe lazima uwe umeshuka vya kutosha wakati mmekaa nje. Inatokea, katika mishuko mirefu kama ile moja uliyoiona. Katika mishuko mifupi mnanunua ghali na hisa zinapungua, kabla hata ya ada za dalali na kodi kama ipo. Jingine: kanuni ilisema muuze siku bei ilipovunja, miezi iliyopita. Kuuza leo ni kuingia katikati ya safari, na faida ya kutoka mapema haipo tena. Na wakati fedha iko benki, mama atalipwa nini? Riba ya benki linganisheni na gawio, mwaka kwa mwaka, kabla hamjasema neno lingine. Mkiuza kabla ya rejista kufungwa, thamani ya gawio lijalo itakuwa ndani ya bei mliyouzia, ila itakuja kama mtaji, na nyinyi wenyewe mtalazimika kummegea mama sehemu yake. Mnaaminiana kiasi hicho?

Ya mama: kukaa kimya na kushika zote. Gharama yake haionekani kwa macho, ndiyo maana inapendeza. Lakini mama anategemea kampuni moja, mdhibiti mmoja, mtambo mmoja mpya. Nikuambie kweli, hilo linanipa wasiwasi kuliko wastani wa siku 200. Hata hisa ingekuwa juu ya mstari leo, maisha ya mama yangekuwa bado yamening'inia kwenye kamba moja.

Kuna ya katikati: kuuza sehemu, na fedha ile iende kwenye kitu kinachomlipa mama kwa utaratibu mwingine, hati fungani kwa mfano, au hisa za kampuni kadhaa za sekta mbalimbali. Hapo lawama hugawanyika, sehemu fulani utakuwa umekosea na sehemu fulani umepatia, kwa vyovyote vile bei itakavyokwenda. Ubaya wake ni kwamba huenda ukauza bei ikiwa chini, na mama ataona umeanza kumenya urithi. Ukiuza kwa vipande ndani ya mwaka, badala ya siku moja, suala la bei ya siku linapungua makali. Halipotei.

Na kama mdogo wako anaupenda mstari wake, si lazima utupwe. Wapo wanaoutazama siku ya mwisho ya mwezi tu, au wanaosubiri bei iwe asilimia 3 hivi chini ya wastani kabla ya kuchukua hatua. Kelele zinapungua; malipo yake ni kwamba mnachelewa zaidi kutoka siku kunapokuwa na moto wa kweli. Mnaweza pia kuufanya kengele ya kuwaita mezani: bei ikivunja mstari, mnasoma hesabu za kampuni, hakuna anayeuza kwa sababu ya mstari peke yake. Mpe kazi. Achukue miaka 10 ya hisa hiyo hiyo, aandike kila mara kanuni ingeuza na kununua, atoe ada, ahesabu magawio yaliyokosekana, alinganishe na kukaa tu. Afanye mwenyewe, kwa daftari, mama akiwepo. Pengine atashinda, na ikiwa hivyo nawe utakuwa umejifunza kitu kwa namba, si kwa ujumbe wa usiku.

Nimeliacha hili la lawama mwisho kwa sababu ndilo ulilolisema kwa sauti ndogo: umeanza kuupenda mstari kwa sababu utakuamulia. Nakuelewa kabisa, mwanangu. Lakini bei ikipanda baada ya kuuza, mama hataugombeza mstari. Jina kwenye hati ni lako, mali ni ya familia na gawio ni la mama. Kwa hiyo uamuzi huu haukuwa wa kufanywa na wewe na simu saa tano za usiku. Iteni kikao kama kile cha kwanza. Andikeni kabla, wakati bado hakuna kilichotokea, mtafanya nini gawio likikatwa, mtafanya nini mdhibiti akikataa, mtafanya nini madeni yakizidi kiwango mtakachokubaliana, na kama mstari utakuwa na nafasi yoyote. Wote watie sahihi, mama naye. Karatasi hiyo haitazuia hasara. Itazuia sentensi ya "mimi nilisema", na nadhani kwako hiyo ina thamani yake.

Niandikie mdhibiti akishajibu. Na ukiniandikia, niambie jambo ambalo halimo katika barua yako yote, ndefu ilivyo: mama anahitaji kiasi gani kwa mwezi, na gawio la sasa linatosha au linazidi? Mdogo wako amepima bei kwa siku 200 na wewe umerudisha chati miaka mingi, lakini namba hiyo sijaona aliyeiuliza, na bila hiyo siwezi hata kukuambia kama gawio likikatwa nusu ni janga au ni usumbufu.

Shangazi